Maziwa yanavyoumbua ubishi wa maumbile na mila

Tukibishana kuhusu tabia za watu, hatukosi kusikia ama "binadamu ameumbwa hivyo" ama "hayo ni mazoea tu". Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa kuwa zinatenganisha vitu ambavyo havijawahi kuishi mbalimbali. Ushahidi ninaouamini zaidi ni jambo ambalo hatulifikirii kabisa: mtu mzima kunywa maziwa.

Wanyama wanaonyonyesha hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa baada ya kuachishwa ziwa, na watu wazima wengi duniani wako hivyo hivyo. Wakinywa glasi nzima, tumbo hujaa gesi na kunguruma. Jamii nyingi za wafugaji haziko hivyo. Mwaka 2007 timu ya mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff, iliyowapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, ilionyesha kwamba mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha wafugaji wa huku si yale yanayopatikana kwa Wazungu. Njia zilikuwa mbili, zikafika mahali pamoja, na kilichoziunganisha hakikuwa damu bali ng'ombe.

Tena ng'ombe ndio waliotangulia. Utafiti wa mwaka 2021 ulikuta protini za maziwa katika ugaga wa meno ya watu wa kale waliozikwa Sudan na Kenya, wa zamani zaidi wakiwa wa miaka ipatayo 6,000 iliyopita, wakati ambapo vinasaba hivyo yaelekea vilikuwa bado havijaenea. Inawezekana walitumia ujanja tunaoutumia hadi leo, yaani kugandisha. Wakalenjin wa Kenya wanaotengeneza mursik, yaani maziwa yao ya mgando, husugua ndani ya kibuyu kwa kaa la mti wa senetwet, wakatia maziwa na kuyaacha siku kadhaa, hata yakimiminwa yanakuwa na rangi ya kijivu na ukali unaokamata ulimi. Kwa muda huo bakteria wamekwisha kula sehemu ya ile sukari. Kibuyu kilikuwa tumbo la nje kabla tumbo la ndani halijazoea.

Atakayesema kwamba huo ni mmeng'enyo tu wala si tabia, na aangalie kazi iliyouzunguka: kumfunga ndama, kuamka alfajiri kukamua, kuamua nani anywe kwanza. Mila hizo, zikirudiwa vizazi kwa vizazi, ndizo zilizowapa wenye vinasaba hivyo nafasi kubwa zaidi ya kuishi na kuzaa.

Ndiyo maana siridhiki na wanaosema maziwa ni chakula cha asili cha kila mtu. Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni Kenya mwaka 1979, yalikuwa mpango mwema, lakini pakiti ilikuwa ile ile kwa mtoto wa mfugaji na kwa mtoto wa mvuvi, na sidhani kila aliyeiacha mezani alikuwa anadeka.