Washa, Wacha

Mke wangu ana masikio mazuri. Nalisema mapema ili asionewe. Neno alilolisikia siku ile lilikaribiana mno na neno nililolisema, tofauti ilikuwa sauti moja tu, na sauti hiyo moja ndiyo iliyonivua ndala.

Gari letu lilikuwa linamisi. Wala si misi ya kubahatisha. Ukisimama kwenye foleni usukani unatetemeka kama mwenye homa, ukikanyaga mafuta linajifikiria kwanza, halafu linaruka. Taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kupepesa. Jirani akaniazima kifaa chake cha kusoma kodi za hitilafu za gari, nikakichomeka chini ya usukani, kikaandika P0302. Nikaulizia maana yake: silinda ya pili haichomi mafuta sawasawa. Basi, siri yote nimeshapewa, imebaki kumkamata mhalifu. Ni plagi inayotoa cheche, ni waya wake, ni koili inayoupa umeme, au ni nozeli inayonyunyiza mafuta?

Mtu mwenye akili angemsubiri shemeji. Mdogo wake mke wangu ni fundi umeme wa magari, na alikwisha ahidi kuja Jumamosi saa nne asubuhi. Lakini mimi na shemeji huyu tuna historia. Kuna usiku mmoja nilimtoa kitandani kwake kwa sababu gari haliwaki. Nimebadilisha fyuzi, nimesugua vichwa vya betri, nimelisukuma mpaka mgongo umekataa. Akaja, akaitoa gia kwenye D akaipeleka P, akawasha, akatupa usiku mwema, akaondoka. Hakusema neno. Angenicheka ningesahau, lakini ule ukimya wake ulinikaa kooni miezi minane.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo saa mbili nilikuwa nimeshafungua boneti. Lengo langu lilikuwa moja: shemeji akifika, nimpokee nikijifuta mikono kwa kitambaa, nimwambie kwa sauti ya uchovu, “Ilikuwa koili tu, shemeji.”

Nilikuwa nimenunua mita ya kupimia umeme. Mita mpya, ya manjano, ina kitufe cha kuzungusha katikati na matundu matatu chini. Tundu moja limeandikwa COM, jingine lina V ya volti na alama ya om, kipimo cha ukinzani wa umeme, la tatu limeandikwa 10A. Waya mweusi unakwenda COM, hilo halina ubishi. Mwekundu je? Nikayatazama yale matundu mawili. Nikawaza: gari ni kitu kikubwa. Nikauchomeka kwenye 10A.

Nikazungusha kitufe kwenye om, nikaichomoa koili soketi yake, nikaanza kupima. Nilikuwa nimesoma kwamba waya wa kwanza ndani ya koili huwa na ukinzani mdogo, om moja hivi, pengine pungufu. Nikagusa. Kioo kikaandika 1. Nilitabasamu peke yangu. Nikahamia upande wa pili wa koili, ambako nilikuwa nimesoma kuna maelfu ya om. Kikaandika 1. Nikasema sawa, koili hizi hazifanani. Nikaenda kwenye nozeli. Kitabu kinasema za aina yangu ziwe kati ya om 12 na 16. Ya kwanza, 1. Ya pili, 1. Ya tatu na ya nne, 1. Nikahitimisha kwamba nozeli zangu ni bora kuliko za kitabuni. Sensa ya krenki, ule mhimili wa injini, 1. Kila kitu kwenye gari hili kilikuwa namba moja. Kwa kujifurahisha nikapima tairi. 1.

Tairi, jamani. Mpira mtupu. Nami nikaandika kwenye karatasi yangu ya vipimo: “Tairi, sawa.”

Wanaojua mita hizi za bei ndogo wameshaelewa. Ile 1 inayokaa peke yake pembeni kushoto si kipimo. Ni mita inakwambia haioni kitu, njia imekatika. Na njia ilikuwa imekatika kwa sababu waya mwekundu ulikuwa kwenye tundu lisilohusika na om kabisa.

Mtu unapopata matokeo mazuri namna hii unataka kumalizia na betri. Nikarudisha soketi zote, nikazungusha kitufe kwenye volti, nikainama puani kabisa mwa betri nisome vizuri, nikagusa mweusi kwenye hasi, mwekundu kwenye chanya.

Pah!

Cheche ilitoka kama ya mtu anayechomelea geti. Nyaya za mita zikapata moto mikononi mwangu, nikazitupa, na harufu ya plastiki iliyoungua ikanizunguka kama udi. Ncha ya waya mwekundu ilikuwa imeliwa, imebaki nyeusi, ina kijishimo. Tundu la 10A halipimi volti. Ukichomeka pale, mita nzima inageuka kipande cha waya mnene, na umeunganisha chanya na hasi ya betri inayoweza kumwaga mamia ya ampea bila kuguna. Hayo niliambiwa baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba mita imeharibika na saa tatu na nusu imefika.

“Mama Tunu!” nikaita. “Hebu njoo unisaidie dakika moja.”

Akaja anakausha mikono. Nikamweka kwenye kiti cha dereva, nikampa maelekezo kama nahodha. Mimi nitachomoa waya wa plagi wa silinda ya pili, nitauvika plagi ya zamani niliyonayo, nitaiegesha juu ya injini, yeye azungushe stata, mimi nitazame kama cheche inaruka. Nikisema washa, awashe. Nikisema zima, azime.

“Umeme hautakupiga?” akauliza.

“Ni volti 12, Mama Tunu. Betri hii ningeweza kuilamba.”

Hapa niseme kweli, betri ni volti 12. Lakini koili haikuwekwa pale kwa urembo. Kazi yake ni kuzipokea zile 12 na kuzirusha kwenye waya wa plagi zikiwa 20,000, hata 40,000, kwa sababu cheche haivuki pengo ndani ya silinda iliyoshindiliwa hewa kwa kitu kidogo. Mimi nilijua hilo kwa kulisoma. Kulisoma na kulijua, nimegundua, ni vitu viwili.

Nikainama. Waya ule ulikuwa umejificha nyuma, chini ya bomba la hewa, kwa hiyo nililazimika kupenyeza mkono mpaka karibu na kiwiko, na tumbo nikalilaza juu ya kingo ya bodi. Tumbo hilo lilikuwa na mkanda, na mkanda ulikuwa na bizimu kubwa la chuma. Nikaishika ile kofia ya mpira ya plagi. Nikaiegesha plagi juu ya kitu nilichodhani ni chuma cha injini. Kilikuwa kifuniko cha plastiki.

“Washa!”

Krenki ikizungushwa na stata huenda kama mizunguko 200 kwa dakika, na kwenye injini yangu kila mzunguko mmoja plagi ile inapigwa mara moja. Ni mara tatu na ushee kwa sekunde. Nilizihesabu kwa mwili. Ya kwanza nilidhani nimepigwa rungu la kiwiko na mtu aliyejificha ndani ya injini. Ya pili ilifika begani. Ya tatu ilitokea kwenye bizimu. Nilitaka kuuvuta mkono, ukakataa, umenasa chini ya lile bomba.

Tulikubaliana neno “zima”. Lakini mtu anayepigwa na umeme hasemi maneno ya makubaliano. Anasema maneno ya nyumbani kwao. Na sisi nyumbani kwetu, tangu utoto, mtu akikufinya humwambii “acha”. Unamwambia “wacha”.

“Wacha!” nikapiga kelele. “Wacha! Wachaaa!”

Na mke wangu, mtiifu kwa mara ya kwanza tangu tuoane, akawasha.

Akawasha kwa bidii. Nilikuwa sikukumbuka kuchomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, kwa hiyo injini ikapata kila ilichotaka, ikashika, ikaanza kuunguruma kwa silinda tatu. Sasa si mizunguko 200 tena, ni 800. Ni mapigo 13 kwa sekunde. Sauti yangu ikakatika vipande vipande: wa-wa-wa-wa-cha-cha-cha.

“Baba Tunu!” nikamsikia akishangilia nyuma ya boneti. “Imewaka! Imewaka!”

Sijui mkono ulichomokaje. Najua kichwa kiligonga boneti, fimbo yake ikachomoka, boneti ikanilalia mgongoni taratibu kama mtu mzima anayekupa pole, na ndala moja ikapatikana baadaye kwenye maua. Nilikuwa nimekaa chini, nywele za mkono zimesimama, ninanong'ona “zima” kwa ufasaha kabisa, wakati gari la shemeji lilipoingia getini.

Alizima injini yetu kwanza. Halafu akanitazama macho, akanishika mshipa wa mkono, akaniuliza kama kifua kinabana au moyo unakwenda mbio. Nikamwambia kinachobana ni heshima. Hakucheka. Alisubiri kidogo, akaniuliza tena. Akaniambia umeme wa plagi ni wa kitambo kifupi mno na ampea zake ni ndogo, kwa hiyo mara nyingi mtu mzima mwenye afya anabaki na mshtuko tu. Lakini mwenye kifaa cha kuusaidia moyo hapaswi hata kusogea pale, na mafundi wengi anaowajua hawakuumizwa na umeme wenyewe. Waliumizwa na feni au mkanda wa injini walipoutupa mkono bila kuangalia.

Ndipo akaiona mita. Akaiokota, akautazama waya mwekundu ulipochomekwa, akaigeuza ncha iliyoliwa. Akaniuliza nilikuwa nimesimama wapi nilipopima betri. Nikamwonyesha pua ilipokuwa. Akafumba macho. Betri ikitoka kuchajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, akasema, na haidrojeni na cheche hawajawahi kuelewana.

Akaichukua karatasi yangu ya vipimo. Alipofika kwenye “Tairi, sawa” midomo ikaanza kumcheza. Lakini mstari wa mwisho ukamkausha. Nilikuwa nimeandika: “Bado: soketi ya njano chini ya usukani.”

“Shemeji,” akasema polepole, “hii ulikuwa uipime om?”

“Ndiyo. Yote kwa yote.”

“Ile ni ya mfuko wa hewa. Kibetri cha ndani ya mita chaweza kutosha kuufyatua. Ungekufyatukia usoni.”

Nikaikunja ile karatasi, nikaitia mfukoni.

Yeye alipoanza kazi nilitegemea kuona maajabu, kumbe mwenzangu ni mtu wa kuchosha kumtazama. Alivua pete. Akachomoa fyuzi ya pampu, akaliwasha gari mpaka likajifia lenyewe kwa kukosa mafuta. Akatoa ufunguo, akauweka mfukoni mwake, si kwenye swichi, mfukoni. Ndipo akautoa waya wa plagi na kuuvika kijidude chenye kioo na kibanio, akakibana kibanio kwenye chuma cha injini kilichokwaruzwa rangi. Akakivuta mara mbili kuona kama kimeshika. Mwisho akampa dada yake ufunguo, akarudi nyuma hatua mbili, akatia mikono yote miwili mfukoni. Fundi wa miaka yote hiyo, anapima cheche mikono ikiwa mfukoni!

Cheche ikaruka kwenye kioo, ya buluu, yenye mlio. Koili nzima. Akapima na waya wenyewe kwa mita yake, ufunguo umeshatoka, ukatoa maelfu ya om kama unavyotakiwa. Mzima. Nikaanza kufurahi kwamba naye amekwama.

“Uliposhika,” akasema, “ulishika wapi hasa?”

Nikamwonyesha, kwa mbali. Akaichukua ile kofia ya mpira, akaikunja kati ya vidole viwili juani. Ubavuni kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ndani yake mstari wa kijivu kama jivu la ubani. Cheche ilikuwa inapenya hapo kwa siku nyingi, inarukia kichwa cha injini badala ya kushuka kwenye plagi. Siku ile ilikuta mahali pa karibu zaidi.

“Umeipata mwenyewe, shemeji,” akasema. “Kwa mkono.”

Akavalisha nyaya mpya, zote nne, akarudisha fyuzi, akafunga kila soketi mpaka ikalia. Akanipa nafasi ya kutoa amri, nadhani kwa huruma. Mama Tunu alikuwa kwenye kiti, ufunguo tayari.

“Washa!” nikasema.

Kimya. Kichwa kikatokeza dirishani.

“Baba Tunu, hiyo ni ya sha au ya cha?”

Nikamgeukia shemeji. Alikuwa ametazama pembeni, mikono mfukoni, mabega yanamtikisika. Hakusema neno.