Ameingia, Lakini Ametoka Nani?

"Aliyetokea benchi aipa timu pointi tatu." Hivyo ndivyo taarifa za michezo za runinga zinavyotusomea mabadiliko ya wachezaji. Inafuata picha ya bao, marudio ya bao, mfungaji akikimbilia kibendera cha kona, basi. Kaingia dakika ya ngapi? Kachukua nafasi ya nani? Ametolewa beki, kiungo mkabaji au mshambuliaji mwenzake? Ambaye hakuiona mechi analala na nusu ya habari.

Inaudhi, kwa sababu mabadiliko ndiyo mahali ambapo kocha anaonyesha hadharani anachokiogopa na anachokitafuta. Ukificha aliyetoka, umeficha uamuzi wenyewe.

Chukueni fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mei 26, 1999, pale Camp Nou. Tumerudishiwa mara ngapi Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjær, wote wa akiba wa Manchester United, wakiizamisha Bayern Munich 2-1 dakika za nyongeza? Sawa, mabao yale yanastahili kurudiwa. Sasa rudini dakika ya 80. Bayern wanaongoza 1-0. Lothar Matthäus, mkongwe wa miaka 38 anayepanga safu nzima ya nyuma, anatoka, anaingia Thorsten Fink. Baada ya dakika 90 kukatika, David Beckham wa United anapiga kona, mpira unamwangukia Fink, anaupiga vibaya, hauondoki eneo la hatari. Ryan Giggs anaurudisha kwa shuti hafifu, Sheringham anaugeuzia wavuni. Sisemi Matthäus angeuokoa, hilo hakuna ajuaye. Nasema bao lile lilipita miguuni mwa wachezaji wawili wa akiba, mmoja kila upande, na runinga zimemkumbuka mmoja.

"Fink, aliyeingia dakika ya 80 badala ya Matthäus, alishindwa kuuondoa mpira kabla ya Manchester United kusawazisha." Isomeni kwa sauti: ni sekunde nane tu. Nakubali taarifa ya habari ina dakika chache za michezo, lakini sekunde nane hazikosekani pale ambapo shangwe moja inarudiwa mara tatu.

Tatizo huanzia kwenye picha. Kifurushi cha matukio kinachofika chumba cha habari hukatwa kwa kufuata mabao, kadi na penalti, ubao wa mwamuzi wa akiba, ule wa namba za anayetoka na anayeingia, haumo. Hata kwenye matangazo ya moja kwa moja, mara nyingi ubao unainuliwa huku sisi tukionyeshwa marudio ya faulo. Dawa si ghali. Mtu mmoja akae na karatasi: dakika, aliyetoka, aliyeingia, nafasi ya kila mmoja, matokeo ya wakati ule. Halafu achague picha pana ya uwanja, dakika moja baada ya mpira kuanza tena, beki wa pembeni aonekane alikosogea. Picha ya wawili wakigongana viganja mstarini haielezi kitu.

Na tangu sheria ya kubadilisha hadi wachezaji watano ianze kwa muda mwaka 2020, kisha kudumishwa 2022, kuhesabu vichwa hakutoshi. Timu ina nafasi tatu tu za kusimamisha mchezo ili ibadilishe; mapumziko hayahesabiwi. Kocha aliyeingiza mmojammoja mara tatu bado ana wawili mkononi, lakini mtu akiumia ndani ya dakika 90 huenda timu ikamaliza na kumi. Mtazamaji asipoelezwa, ataona uzembe wa benchi mahali penye sheria.

Kuna jambo zito zaidi. Fainali ya Kombe la Dunia 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwani na bega la Ezequiel Garay wa Argentina dakika ya 17, akaendelea kucheza hadi dakika ya 31. Katikati ya hapo alimuuliza mwamuzi Nicola Rizzoli kama ile ndiyo fainali. Aliyempokea, André Schürrle, ndiye aliyepiga krosi ya bao la Mario Götze dakika ya 113. Krosi na bao tumeonyeshwa hadi tumekariri, na swali lile la Kramer limegeuzwa kichekesho cha kusimuliana. Kijana hakujua yuko wapi, na kwa dakika 14 aliachwa agombanie mipira.