Damu iliyoganda mapafuni: dawa ya mshipani imeonewa

Katika mijadala ya tiba ya damu iliyoganda na kuziba mshipa wa mapafu, sifa siku hizi huiendea katheta, mpira mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi penye bonge, ama ulinyunyizie dawa kidogo ya kuliyeyusha, ama ulifyonze. Sifa hizo si za bure. Mama aliyejifungua kwa upasuaji juzi, mguu mmoja umevimba na pumzi zinamwishia, akipewa kwa njia ya mshipa miligramu 100 za alteplasi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa saa 2 anaweza kumwaga damu kwenye kidonda. Huyo ndiye anayestahili kufyonzwa.

Lakini mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Maweni, Kigoma, namba ya juu ya shinikizo lake la damu ikiwa imeshuka chini ya 90 na haipandi, yuko zaidi ya kilomita 1,200 za reli kutoka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, yenye maabara ya katheta. Kumwandikia rufaa pasipo kumpa dawa hiyo ya mshipani ni kumfunga safari asiyoiweza.

Woga wa dawa hiyo hutokana zaidi na utafiti wa PEITHO wa mwaka 2014. Kati ya wagonjwa 1,005, waliopewa tenekteplasi, dawa nyingine ya kuyeyusha, pamoja na heparini, inayozuia damu isizidi kuganda, walivuja damu ubongoni kwa asilimia 2, na waliopewa heparini pekee kwa asilimia 0.2. Tofauti hiyo inatisha, nami sikusudii kuipuuza. Ila wagonjwa wale shinikizo lao lilikuwa la kawaida. Moyo upande wa kulia ulikuwa umeelemewa tu, na walio wengi heparini ingewatosha. Kumnukulia takwimu hiyo mtu ambaye shinikizo limekwisha kuporomoka ni kumhukumu kwa kesi ya mwingine, kwa maana yeye hatari ya wawili katika mia anaipima na kifo kinachoweza kumfika kabla hakujakucha.

Nao utafiti wa PEERLESS wa mwaka 2024, unaotumiwa kuitetea katheta, ulilinganisha katheta kwa katheta: ya kufyonza iliwapunguzia wagonjwa haja ya chumba cha uangalizi maalumu, vifo havikutofautiana, na dawa ya mshipani haikuwamo kabisa katika ulinganisho huo.

Kwa Kigoma, basi, fedha zitangulie kwenye dawa yenyewe, ikae kabatini wodi ya mahututi pamoja na heparini, na kwenye mtaalamu wa eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, anayepatikana usiku. Rufaa ya katheta wapewe wale ambao dawa hiyo imekatazwa kwao, au waliokwisha kuipata isiwasaidie.