Kitufe cha Nyuma Kwanza, Lenzi Baadaye

Msimu wa harusi ukikaribia hapa Kigoma, wapiga picha wenzangu huanza hesabu za lenzi. Huyu anaitamani 70-200 yenye f/2.8, yule kasikia kuna kamera zisizo na kioo (mirrorless) zinazolishika jicho la mtu zenyewe, mwingine keshaulizia mkopo kwenye kikundi. Sina ugomvi na mwenye pesa yake. Ila wengi wao wanabeba kamera ambayo menyu yake haijaguswa tangu itoke kiwandani, na picha zao nyingi zenye ukungu hazisababishwi na lenzi. Kidole kimoja kimepewa kazi mbili, basi.

Kazi zenyewe unazijua. Ukibonyeza kitufe cha kupigia picha nusu, kamera inatafuta fokasi, yaani inapima umbali ili picha itoke kali, ukimalizia, inapiga. Mpangilio huo unamfaa mtu aliyenunua kamera leo na anataka kupiga familia iliyosimama mbele ya nyumba. Haumfai anayepiga dagaa wakishushwa Kibirizi alfajiri, wala anayemsubiri bibi harusi aingie ukumbini Mwanga huku mashangazi wakimkatiza mbele kwa vigelegele na vitenge. Dawa yake haiuzwi dukani. Ondoa fokasi kwenye kitufe cha mbele, ipeleke nyuma, chini ya kidole gumba. Kidole cha shahada kibaki na kazi moja tu ya kupiga.

Wapo wanaoniambia kwamba haya ni madoido ya watu wa YouTube. Hapo nabisha. Autofokasi, yaani kamera kufokasi yenyewe, ilianza kushika soko la kamera za kioo (SLR) kwa nguvu mwaka 1985, Minolta 7000 ilipotoka. Kabla ya hapo mkono wa kushoto ulizungusha pete ya lenzi na kidole cha kulia kikapiga. Kila mmoja na kazi yake, wala hakuna aliyemwingilia mwenzake. Hugo van Lawick, Mholanzi aliyefika Gombe mwaka 1962 kupiga picha za kazi ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall kwa ajili ya jarida la National Geographic, alifanya hivyo hivyo. Autofokasi ndiyo iliyokuja kuzibana kazi mbili kwenye kidole kimoja, na mafundi wenyewe hawakuchelewa kuona tatizo: mwaka 1989 Canon walitoa EOS 630 iliyomruhusu mtu kuihamishia fokasi nyuma. Yaani jambo hili linawazidi umri vijana wengi wanaonibishia.

Nieleze linavyofanya kazi mahali tunapopajua. Pale Kibirizi, mitumbwi iliyokesha ziwani na taa ikishafika, akina mama huwapokea dagaa na kwenda kuwaanika. Tuseme unamtaka mama mmoja aliyeinama, anawatawanya dagaa kwa kiganja, na picha yenyewe iko katika ile nukta ambayo dagaa wametoka mkononi na bado hawajagusa chini. Wako hewani, wanang'aa kama sindano. Nukta hiyo ni fupi mno. Kwa mpangilio wa kiwandani, kila ukigusa kitufe kamera inaanza upya kutafuta. Mara kijana wa kubeba mizigo anapita katikati na beseni kichwani, fokasi inamfuata yeye, lenzi inarudi nyuma, inakwenda mbele, na mama keshamaliza beseni zima. Umebaki na picha kali kabisa ya bega la kijana.

Kwa kidole gumba, unamfokasi mama mara moja kisha unaachia. Lenzi imetulia. Mbeba mzigo apite, mbuzi apite, mtoto asimame mbele yako aombe apigwe picha, umbali uliopimwa haubadiliki mpaka wewe mwenyewe uamue. Unasubiri mkono unyanyuke, unapiga, unasubiri tena, unapiga.

Na hapo hapo ukigeuka ukaona mtumbwi unakuja kasi kuelekea ufukweni, huhitaji kuingia kwenye menyu. Unakandamiza kidole gumba bila kuachia, na kamera inaufuata mtumbwi hatua kwa hatua. Ukiachia, inasimama. Ndiyo sababu kamera huwekwa kwenye hali ya kufokasi mfululizo, AI Servo kwa Canon au AF-C kwa Nikon, na kuachwa huko: kidole gumba ndicho kinachoamua kama kitu kinafuatwa au kimefungwa. Kwa njia ya zamani ungelazimika kuchagua mapema, na mambo ya mwaloni hayana mapema.

Gombe ni hadithi hiyo hiyo, ila gizani zaidi. Flashi haziruhusiwi, miti imefunga mwanga, na sokwe hana habari na wewe. Anakaa nyuma ya majani anajikuna. Lenzi za masafa za bei yetu zinaishia f/5.6, tundu linaloingiza mwanga kidogo, hivyo autofokasi inahangaika: inashika jani, inaliacha, inashika tawi. Anayejua kitufe cha nyuma hutafuta mwanya mmoja, huweka nukta moja ya fokasi (alama ya mahali kamera inapopima) kwenye jicho la sokwe, hubonyeza na kuachia. Majani yatikisike yatakavyo. Sokwe akiinuka kutembea, kidole gumba kinarudi kazini. Muda wa kukaa nao una kikomo, na sioni sababu ya kuumaliza ukigombana na jani.

Sasa kwenye menyu. Kwa Canon ndogo ambazo wengi tunazo, za mtumba au mpya, kama 600D na 700D, hakuna kitufe kilichoandikwa AF-ON, yaani cha kuwasha autofokasi. Kitufe cha kazi hiyo ni kile chenye alama ya nyota, nyuma upande wa kulia juu. Ingia kwenye Custom Functions, tafuta kipengele cha kitufe cha shata (kile cha mbele cha kupigia) na kufunga mwanga, utakuta chaguo kuanzia 0 hadi 3. Sifuri ni ya kiwandani. Moja inapeleka fokasi kwenye nyota, lakini kitufe cha mbele kikibonyezwa nusu kinafunga mwanga, yaani kipimo cha mwanga kinabaki kile kile. Tatu inapeleka fokasi kwenye nyota na kuuacha mwanga upimwe pale pale picha inapopigwa.

Mimi ni mtu wa tatu. Kwenye ziwa Tanganyika mwanga haukai: wingu linapita, maji yanamulika, mtu anatoka kivulini anaingia juani kwa hatua mbili. Ukifunga mwanga mapema kwa kushikilia kidole nusu, unapiga picha ya sasa kwa mwanga uliopita. Chaguo la moja lina watu wake, hasa wanaopenda kupima mwanga sehemu moja na kufokasi nyingine, nami siwapingi, ila sioni mpiga picha wa harusi analifanyia nini.

Chaguo la pili huwa halitajwi sana na ndilo ninalompa mtu mwoga. Kitufe cha mbele kinaendelea kufokasi kama kawaida, nyota inakuwa breki: ukiwa kwenye AI Servo, ukiibonyeza fokasi inasimama, ukiiachia inaendelea. Ni nusu ya faida kwa robo ya usumbufu.

Kwa Nikon kama D3300, D5300 au D7200, kitufe ni kile cha AE-L/AF-L. Ukikipa kazi ya AF-ON kwenye menyu ya vitufe, kitufe cha mbele kinaacha kufokasi chenyewe, huna la ziada la kufanya.

Wanaonasa kwenye mtego ni wenye kamera kubwa, zile ambazo tayari zina kitufe cha AF-ON, kama Nikon D300 na D700 au Canon 7D na 5D Mark III. Wanadhani kwa kuwa kitufe kipo, kazi imekwisha. Haijaisha. Toka kiwandani AF-ON inafokasi na kitufe cha mbele nacho bado kinafokasi. Unafunga kwa kidole gumba, unabonyeza kupiga, na kidole cha shahada kinaivuruga fokasi uliyoifunga. Kisha mtu anasema kitufe cha nyuma hakina maana! Kwa Nikon hizo nenda kwenye kipengele cha kuamsha autofokasi, chagua AF-ON peke yake. Kwa Canon nenda kwenye vidhibiti maalumu, kipe kitufe cha shata kazi ya kupima mwanga tu.

Halafu nukta za fokasi. Ukihamisha kitufe na kuiacha kamera ijichagulie nukta yenyewe, umehamisha tatizo kutoka kidole hadi kidole. Ikiachwa huru, mara nyingi itakimbilia kilicho karibu zaidi, na kwenye harusi kilicho karibu zaidi ni simu ya shangazi iliyoinuliwa kurekodi. Chagua nukta moja. Kwenye kamera za bei ya chini ile ya katikati huwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na gizani utaiona tofauti.

Ubaya wake upo, na wanaohubiri jambo hili huuruka. Ukumbi usiku, taa zimepunguzwa, MC anaita keki au ndafu, na wewe uko kwenye AI Servo. Ile taa nyekundu ya flashi inayosaidia kamera kuona haitawaka, kwa sababu haifanyi kazi kwenye AI Servo wala AF-C. Utashangaa lenzi inazunguka bure mbele ya bwana harusi aliyesimama tuli. Usiku badili kwenda One Shot (Canon) au AF-S (Nikon), hali ya kufokasi mara moja, kidole gumba kikibaki pale pale: bonyeza, isubiri ishike, achia, piga. Mlio wa kuthibitisha fokasi nao utarudi, kama hukuuzima, maana kwenye AI Servo hausikiki.

Kufunga fokasi pia hakumfungi mtu. Ukiwa na 50mm kwenye f/1.8, umekaribia uso wa bibi harusi, eneo lililo kali ni jembamba sana. Akiegemea mbele kidogo acheke, macho yameshatoka nje. Hapo usiachie kidole, au achia na ubonyeze tena kila baada ya picha chache. Ukivuta zumu baada ya kufunga, fokasi upya, kwani lenzi nyingi za zumu hupoteza fokasi zikivutwa. Na wenye Nikon za kioo wakumbuke kwamba VR, kitulizaji cha mtikisiko wa lenzi, haiamshwi na AF-ON. Inaamshwa na kitufe cha mbele kikibonyezwa nusu, kwa hiyo ukiwa na lenzi ndefu, kidole cha shahada kiegemee kidogo uone taswira inatulia ndani ya kitafutio (kijidirisha cha kuchungulia), ndipo upige.

Kuhusu hizo kamera mpya zinazofuata jicho, sikatai, ni nzuri, na mwenye nayo ana haja ndogo zaidi ya kufungafunga fokasi kwa mkono. Lakini fungua mabegi kwenye harusi yoyote ya Ujiji au Gungu uone kilichomo: kamera za kioo zilizopita mikono miwili mitatu, grip imefutika maandishi, lenzi ya 18-55 na moja ya 50mm. Nazizungumzia hizo. Zinaweza kufanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa, na mabadiliko haya yanachukua muda wa kunywa chai moja. Vidole ndivyo vinavyochelewa kuzoea. Siku za mwanzo kidole gumba kinasahau, hivyo jifunze kwa kupiga bodaboda barabarani wala usijifunzie kwenye nikahi ya mtu.

Mwenye studio ya picha za paspoti peke yake aache kamera yake kama ilivyo. Mteja amekaa kwenye stuli, ukuta wa bluu nyuma yake, hakuna anayekwenda popote.

Mwisho kabisa kuna suala la kuazimana. Kamera zetu hazikai mkononi mwa mtu mmoja. Kijana wa msaada anashika, rafiki anashika, na siku ukitaka uwemo kwenye picha na maharusi unamkabidhi mgeni yeyote.

"Kaka, kamera yako imekufa," atakwambia kijana. "Nabonyeza haivuti kabisa."

"Haijafa, dogo. Tumia kidole gumba, kitufe kile cha nyota."

Atakitafuta, atabonyeza kitufe cha kukuza picha kilicho jirani, na maharusi wamechoka kutabasamu. Kwa Canon kuna njia fupi: zungusha gurudumu la juu hadi kwenye alama ya kijani ya otomatiki. Mipangilio yako maalumu haifanyi kazi huko, kwa hiyo kitufe cha mbele kinafokasi kama siku kamera ilipotoka kiwandani na yeyote anaweza kupiga. Flashi ndogo itajifungua yenyewe kukiwa na giza, ivumilie. Akikurudishia, zungusha urudi kwenye modi yako ya Av au M kabla hujapiga nyingine.