Sentimita 30 kutoka angani: nani hasa anazihitaji?

Kila ikirushwa setilaiti mpya ya kupiga picha za dunia swali la kwanza la watu ni hilohilo, inaona mpaka sentimita ngapi? Mi naona swali hili linatupoteza, ingawa si la kijinga hata kidogo.

Chukua WorldView-3, setilaiti ya kibiashara ya Marekani iliyorushwa Agosti 2014, iko juu kama kilomita 617. Pikseli yake moja ya nyeusi na nyeupe, yaani nukta moja kati ya zinazounda picha, inabeba kipande cha ardhi cha sentimita 31 kwa 31. Sentinel-2 ya Ulaya pikseli yake ni mita 10 kwa 10, yaani ndani ya hiyo moja zinaingia zaidi ya elfu moja za mwenzake! Gari dogo kwenye WorldView-3 ni kama pikseli 15 kwa 6, unaona bodi, unaona kivuli, kwenye Sentinel-2 gari zima limemezwa na pikseli moja. Na wanaoogopa kuonekana sura, mtu akiwa amesimama ukimtazama kutoka juu ni pikseli mbili tatu tu, hakuna sura hapo.

Kufika huko si mchezo. Setilaiti inapita juu ya ardhi kwa kasi ya kama kilomita 7 kila sekunde, kwa hiyo sentimita 31 inazivuka ndani ya sehemu ya elfu ishirini na kitu ya sekunde, sasa mwanga gani utaingia kwa muda huo? Ndo maana kihisi cha mwanga cha setilaiti kina safu nyingi za pikseli, kipande kilekile cha ardhi kinapita safu moja hadi nyingine na mwanga wake unajumlishwa njia nzima, kwa kweli hapa wahandisi nawapa heko. Rangi zenyewe hazina ukali huo, ni mita 1.24, kompyuta ndo inazichanganya na ile ya nyeusi na nyeupe. Ukibahatika kukuta ndege iko hewani kwenye picha utaona ina nakala zake pembeni, nyekundu, kijani, bluu, kwa sababu kila rangi ilinaswa kwa muda tofauti kidogo na ndege haikusubiri.

Ila ukali una bei yake. WorldView-3 inapiga ukanda wa upana wa kilomita 13 hivi, Sentinel-2 kilomita 290, na zikiwa mbili zinarudi palepale kila baada ya siku 5, halafu picha ni bure kwa yeyote. Anayefuatilia msitu unavyopungua, ziwa linavyokauka, mazao yanavyonyauka, anahitaji kurudi mara kwa mara na anahitaji infraredi, mwanga ambao macho hayauoni, maana jani lenye afya linarudisha infraredi nyingi na huhitaji kuliona jani lenyewe. Mfululizo wa setilaiti za Landsat za Marekani umeanza 1972 na tangu 2008 picha zao ni bure, wakati setilaiti ya kwanza ya kibiashara yenye ukali wa kama mita moja, IKONOS, ilirushwa 1999. Miaka ya katikati hizi kali za kibiashara hazina picha yake.

Sasa likitokea tetemeko hesabu inageuka kabisa. Nyumba ipi imeanguka, daraja lipi limekatika, watu wamekimbilia uwanja upi, pikseli ya mita 10 haikwambii chochote na hapo sentimita 30 zinaokoa maisha. Hapo sibishani na mtu.

Kinachonisumbua ni nani ameshika ufunguo. Oktoba 2001 serikali ya Marekani ilinunua haki zote za picha za IKONOS za Afghanistan, wengine wote wakabaki nje. Mpaka 2014 kampuni za Marekani zilikuwa haziruhusiwi kuuza picha kali kuliko sentimita 50. Na jicho la gharama likifa limekufa, WorldView-4 ilirushwa Novemba 2016, Januari 2019 mitambo ya kuielekeza ikaharibika na kazi ikaishia hapo. Kampuni ya Planet wao Februari 2017 walirusha visetilaiti 88 kwa mpigo, pikseli ni kama mita 3 au 4, kimoja kikifa vingine vinaendelea.

Kwa hiyo pesa ya umma mi ningeiweka kwenye picha za mita 10 za kila wiki zilizo wazi kwa wote, na hizi za sentimita 30 ningetaka zifunguliwe pale maafa yanapotokea. Upo mkataba wa kimataifa wa kutoa picha za setilaiti wakati wa maafa, unafanya kazi tangu 2000, lakini picha zinaanzia kwa mamlaka na waokoaji wenye ruhusa. Ningetaka wanakijiji wanaofukua kifusi kwa mikono nao wazipate saa ileile.