Kobe hashindi hata kwa hesabu

Ndugu mwandishi, katika makala yako ya mafumbo, hapo uliposema fumbo la Zeno, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, halijajibiwa mpaka leo, umetuzidishia chumvi. Ati Achilles, shujaa mwenye mbio, hamkuti kobe aliyetangulizwa mbele, kwa sababu kila akifika alipokuwa, kobe keshasogea! Hiyo ni kudhani kwamba vipande visivyokwisha lazima vichukue muda usiokwisha. Hebu tupige hesabu: kobe katangulia mita 90, anakwenda mita 1 kwa sekunde (wale wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, hawathubutu), Achilles mita 10. Kipande cha kwanza sekunde 9, cha pili 0.9, kisha 0.09, endelea hivyo hivyo. Jumla yake ni sekunde 10 kamili, na hapo kobe kakutwa. Mie linalonikosesha usingizi ni fumbo lile la mtu asemaye "hili nisemalo ni uongo": likiwa kweli, basi ni uongo; likiwa uongo, basi ni kweli! Hilo mbona umelipitia mbio mbio?