Dagaa wa Aagadi

Fundi wa mihuri aliponitajia shilingi 25,000 kwa muhuri wa neno moja lenye herufi tano, ambazo tatu kati yake ni herufi ileile, niliondoka nikiwa nimeapa kuchonga wangu mwenyewe. Mimi huuza dagaa wa kukaanga hapa Kirumba, na nilichokitaka ni kitu cha kugongea mifuko ya kaki tu, isomeke DAGAA, basi.

Watu hudhani kwamba kazi ngumu ni kuchonga. Si kweli, kwa sababu wembe mpya hupita kwenye raba ya kufutia kama kisu kwenye papai lililoiva. Kazi ni kuutoa mchoro kwenye karatasi na kuuhamishia juu ya raba ukiwa mzima, maana wembe haujui kusoma na hufuata mstari wowote unaoukuta.

Niliambiwa nitumie asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo mama Kulwa anayo kwenye kichupa asichotaka kiguswe. Unga mweusi wa mashine ya fotokopi ni plastiki iliyogandishwa kwenye karatasi kwa joto, hivyo asetoni huulainisha ukaachia karatasi na kushika raba. Mara ya kwanza hakikuhama kitu, kwa kuwa kijana wa steshenari alikuwa amenichapia kwa printa ya wino wa majimaji, ambao hauna plastiki ya kulainisha. Nilirudi kudai fotokopi halisi, nikalipa tena, na safari hii herufi zilihama vizuri, ila raba nayo, kwa kuwa ni ya plastiki, ililainika na kung'ang'ania karatasi kama ugali wa moto kwenye kidole. Raba hiyo ilikuwa ya Kulwa. Kichupa nacho kiliisha, na kwa habari hiyo sitaongeza neno.

Nikachukua raba ya Doto, nikageukia penseli laini. Unachora kwenye karatasi nyembamba kwa mistari mizito, unailaza kifudifudi juu ya raba, unasugua kwa mgongo wa kijiko bila kuiacha icheze, na ukiinua unakuta mchoro umehamia wote. Ni njia ya bei nafuu na haina harufu.

Hapo ndipo ujuaji uliponiponza. Nilikuwa nafahamu vyema kwamba maandishi ya muhuri hukaa kinyume ili yakigongwa yasomeke sawasawa, kwa hiyo niliyaandika kinyume tangu kwenye karatasi, huku nikijipongeza na kumcheka yule fundi. Sikukumbuka kwamba karatasi inapolazwa kifudifudi hugeuza mchoro yenyewe bila kuombwa. Kinyume nilichokiandika kikageuzwa kikawa sawa juu ya raba, na kilicho sawa juu ya raba huwa kinyume juu ya mfuko. Nilichonga saa mbili nzima nikishangaa jinsi neno lilivyosomeka vizuri, wala sikujiuliza kwa nini.

Mifuko 200 iligongwa usiku, kwenye mwanga hafifu, ikasomeka AAGAD. Herufi A haikuwa na tatizo, kwani ukiigeuza inabaki A, lakini D ilikuwa imeelekeza tumbo kushoto kama mtu aliyenuniwa. Mteja mmoja aliniuliza kama Aagadi ni kisiwa kilicho nyuma ya Ukerewe. Nikamjibu kwamba ni mbali zaidi.

Baada ya mifuko kwisha nilichonga muhuri mwingine kwenye soli ya ndala, na safari hii niliandika sawasawa kwenye karatasi, nikaiacha ijigeuze yenyewe. DAGAA likatoka limenyooka. Mteja yuleyule akaugeuza mfuko mara mbili, akanirudishia.

"Hawa wa kuiga, kaka. Mimi nipe wale wa Aagadi."

Nilikimbia nyumbani kuutafuta muhuri wa kwanza, nikaambiwa Doto ameshakwenda nao shuleni, kwa kuwa ni raba yake na leo kuna hesabu.